Maganda 24 kwa Mmea: Kisa cha Maharage Yaliyozaa kwa Sababu ya Mapengo

Namba iliyonishtua ilikuwa 5,760. Ilikaa juu kabisa ya jedwali, safu ya mwisho kulia, chini ya kichwa "mavuno, kilo kwa hekta". Maharage ya kichaka yakifika tani tatu kwa hekta kwenye kituo cha utafiti, watu huitana waje kuyaona. Haya yalikuwa yanakaribia sita, na kwenye maelezo yaliyoambatana na jedwali hakuna aliyeguna.

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la kituo, majina ya watu na namba halisi za aina nimeviondoa, na takwimu nimezizungusha kiasi cha kuzuia mtu asitambue ni nani. Uwiano kati yake nimeuacha ulivyokuwa, maana ndimo funzo lilimo. Nakiandika kwa ajili ya wanafunzi wa uzalishaji wa mbegu na mabwana shamba wanaosaidia majaribio, hasa wale ambao wamepewa darasani fomula za urithikaji, yaani sehemu ya tofauti kati ya aina na aina inayotokana na jeni, lakini hawajawahi kuziona zikidanganya.

Mazingira ya kisa

Kituo kiko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Huko mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Mei, na wakulima wengi hupanda maharage mwezi Februari au Machi ili yakomae mvua ikikata. Kwa mgunduzi wa mbegu, yaani mtafiti anayezalisha aina mpya, maana yake ni kwamba kosa la msimu mmoja hulipwa kwa mwaka mzima, isipokuwa kama una bonde la kumwagilia kiangazi.

Maharage si mzaliwa wa huku. Yalitoka Amerika, na huko kwao yaligeuzwa kutoka mmea wa mwituni kuwa zao mara mbili, katika sehemu mbili zilizo mbali. Kwa hiyo yana koo mbili: ukoo wa Andes, ambao kwa kawaida punje zake ni kubwa, na ukoo wa Amerika ya Kati, ambao punje zake ni ndogo lakini maganda yake mengi. Wataalamu hugawa punje kwa uzito wa punje 100: chini ya gramu 25 ni ndogo, 25 hadi 40 ni za kati, zaidi ya 40 ni kubwa. Afrika Mashariki koo zote mbili zipo, zimekaa pamoja mashambani kwa karne kadhaa, na wakulima wetu wamezichagua kwa rangi, kwa kuiva upesi jikoni na kwa mchuzi wake. Ndiyo maana mtu akizunguka masoko ya Mbeya au Njombe anaweza kujaza meza kwa aina ambazo hakuna mbili zinazofanana. Utofauti huo ndio mtaji wa mgunduzi. Pasipo utofauti hakuna cha kuchagua.

Mradi ulikuwa na lengo moja lililoandikwa wazi: kupima utofauti wa kijenetiki katika aina 36, kujua ni sifa zipi za mavuno zinarithiwa vizuri, na kuchagua wazazi wanne wa kuanzisha mbegu chotara. Mwenye kazi alikuwa mtafiti kijana wa shahada ya uzamili, mtu makini, mwandishi mzuri, aliyekuwa na miezi sita kabla ya fedha kwisha. Mimi niliingia baadaye, kusoma takwimu.

Jaribio lilivyopangwa

Aina 22 zilitoka moja kwa moja kwa wakulima, mavuno ya msimu uliotangulia. Aina 12 zilitolewa kwenye ghala baridi la benki ya mbegu. Mbili zilikuwa mbegu zilizokwisha kuidhinishwa, za kulinganishia. Nakuomba ukumbuke mbegu zilikotoka, kwa sababu tutalirudia jambo hili.

Kila aina ilipandwa kwenye ploti tatu, yaani marudio matatu, zilizopangwa kwa bahati nasibu ndani ya kila rudio. Ploti ilikuwa na mistari miwili ya mita 3, nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya shimo na shimo, punje moja kwa shimo. Hesabu yake ni mimea 60 kwenye mita 3 za mraba, sawa na mimea 200,000 kwa hekta. Hakukuwa na mistari ya kinga pembeni. Ardhi ilikuwa haba.

Wakati wa kuvuna, mpango ulisema wachukue mimea 5 "inayowakilisha ploti", wahesabu maganda kwa mmea, punje kwa ganda, wapime uzito wa punje 100, kisha uzito wa punje za mmea mmoja. Mavuno kwa hekta yangepatikana kwa kuzidisha mavuno ya mmea mmoja mara 200,000.

Kilichotokea

Upandaji ulikwenda vizuri. Mvua ilinyesha siku ya tatu. Wiki mbili baadaye baadhi ya ploti zilikuwa na mapengo, na mtafiti aliyaona. Aliuliza kama warudishie mbegu, akaambiwa na mkubwa wake wasirudishie, kwa kuwa mmea uliochelewa wiki mbili unaharibu tarehe za maua. Sababu hiyo ni halali kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: sawa, tusirudishie, lakini basi tuhesabu mimea iliyobaki na tuiingize kwenye takwimu.

Mwezi Juni walivuna. Vibarua ndio waliong'oa ile mimea 5. Ukimwambia kijana wa kibarua "chagua mimea mitano mizuri ya kuwakilisha", atasikia neno "mizuri" na atachagua iliyojaa maganda. Simlaumu.

Takwimu zilipoingia kwenye kompyuta, zilipendeza. Kwa idadi ya maganda kwa mmea, wastani wa aina zote ulikuwa 11. Mtawanyiko kati ya aina ulikuwa mkubwa mno ukilinganishwa na ule wa ndani: wastani wa miraba, yaani kipimo cha mtawanyiko, ulikuwa 42 kwa aina na 6 kwa makosa ya ploti, yaani tofauti zisizotokana na aina. Kwa marudio matatu, sehemu ya kijenetiki ni (42 − 6) ÷ 3, yaani 12. Sehemu ya makosa kwenye wastani wa aina ni 6 ÷ 3, yaani 2. Jumla 14. Urithikaji: 12 ÷ 14, asilimia 86.

Kutoka hapo mtafiti alikokotoa faida ya uchaguzi, yaani ongezeko linalotarajiwa kizazi kijacho ukibakiza aina bora tu. Kanuni ni nguvu ya uchaguzi mara mzizi wa mtawanyiko unaoonekana mara urithikaji. Alitumia 2.06, namba ambayo kila tasnifu huitumia na ambayo ni ya mtu anayebakiza asilimia 5 ya aina zake. 2.06 × 3.74 × 0.86, inakuja maganda 6.6. Akaandika kwamba kizazi kijacho kinaweza kutoka maganda 11 hadi zaidi ya 17 kwa mmea, ongezeko la asilimia 60.

Uhusiano kati ya maganda kwa mmea na mavuno kwa mmea, kwa kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, ulikuwa 0.88. Hitimisho likajiandika lenyewe: chagua kwa kuhesabu maganda, ni rahisi, ni rahisi hata kwa bwana shamba, na yanarithiwa.

Aina nne za juu zilikuwa M17, M31, M04 na M22. M17 ilikuwa na maganda 24 kwa mmea, punje 5 kwa ganda, gramu 24 kwa punje 100. Zidisha: gramu 28.8 kwa mmea, kilo 5,760 kwa hekta. Hiyo ndiyo namba niliyoanza nayo.

Chotara zilizodumaa

Kabla sijaletewa takwimu, kiangazi kilikuwa kimekwisha kutumika. Walikuwa wameichukua M17, yenye maua meupe na punje ndogo, wakaitumia kama mama, na baba wakamchagua kutoka kundi lililokuwa mbali nayo kabisa kwenye mchoro wa makundi, ule unaoweka karibu aina zinazofanana kwa sifa: aina ya punje kubwa, yenye maua ya zambarau. Vitabu husema wazazi wakiwa mbali, utofauti wa kizazi unakuwa mpana. Ni kweli, ila kwenye maharage umbali una mtego wake.

Walipata mbegu 19. Zilipoota, mimea 16 ilibaki mifupi, mizizi michache, majani ya kukunjamana, kama imepandwa kwenye chumvi. Mitatu ilistawi, na kwa siku kadhaa ikapewa sifa za ajabu, mpaka ilipotoa maua. Meupe matupu. Kwa kuwa zambarau huitawala nyeupe, chotara ya kweli ingekuwa na rangi. Ile mitatu ilikuwa watoto wa mama peke yake, mbegu za ua lililojichavusha kabla mkono wa mtu haujafika. Chotara za kweli ndizo zilizodumaa.

Hili linajulikana kwa wanaofanya kazi na koo hizi mbili. Baadhi ya aina za Amerika ya Kati hubeba jeni iitwayo DL1, na baadhi ya za Andes hubeba DL2. Kila moja peke yake haina madhara. Zikikutana kwenye mmea mmoja, mizizi hushindwa kukua, na joto likipanda hali huwa mbaya zaidi. Si kila ndoa ya koo hizi huharibika, na dawa yake ipo: unapitia kwa mzazi wa tatu asiye na jeni yoyote kati ya hizo mbili. Lakini lazima ujue unachotafuta. Hapa umbali ulipimwa kwa sifa za macho, haukuulizwa ukoo.

Msimu wa chotara ukapotea, na swali likaja: je, M17 ilistahili taabu yote hii? Ndipo jedwali likanifikia.

Daftari la mama wa shamba

Nilipoiona 5,760 nilipiga simu kituoni kuuliza uzito wa ploti nzima. Jibu la kwanza lilikuwa hawakupima. La pili, siku mbili baadaye, lilikuwa bora.

Kituo kile kina mama mmoja, fundi wa shamba, ambaye amefanya kazi hapo tangu wakubwa wake wa sasa wakiwa shule ya msingi. Yeye hutunza ghala dogo la mbegu. Kwa sababu zake mwenyewe alikuwa na daftari la mistari, kalamu ya bluu, na kwa kila ploti ameandika vitu viwili: mimea mingapi imesimama siku ya kuvuna, na gramu ngapi zimeingia kwenye mfuko.

"Mama, hizi namba ulizichukua kwa ajili ya nani?" mtafiti alimuuliza.

"Kwa ajili yangu, mwanangu. Mwakani mtaniambia mbegu ya M17 imekwenda wapi, nami nitawaonyesha kwamba haikuota."

Tukaziingiza. M17 ilikuwa na wastani wa mimea 22 kati ya 60. M31 ilikuwa na 27. M04 ilikuwa na 30. Ni M22 pekee iliyosimama, mimea 51. Kwa maneno mengine, washindi watatu kati ya wanne walikuwa wamebakiwa na nusu ya mimea au pungufu.

Mfuko wa M17 ulikuwa na gramu 470 kwa ploti, sawa na kilo 1,570 hivi kwa hekta. Kutoka wa kwanza ikaanguka hadi nafasi ya 19. Na aina moja ya mkulima, M08, ambayo kwa hesabu ya mmea mmoja ilikuwa ya 22 (maganda 9, punje 4, gramu 42 kwa punje 100, kama gramu 15 kwa mmea), ilikuwa imesimamisha mimea 55 na kutoa gramu 720 kwa ploti: kilo 2,400 kwa hekta, ya pili kwenye orodha. Hakuna aliyekuwa ameitazama M08 mara mbili.

Tulipolinganisha maganda kwa mmea na uzito wa mfuko badala ya uzito wa mmea, ule uhusiano wa 0.88 ulishuka hadi 0.12.

Maamuzi

Kulikuwa na mjadala mkali kidogo, na ninauandika kwa sababu kila upande ulikuwa na hoja.

Mkubwa wa kituo alitaka tusahihishe kwa hesabu tu: chukua idadi ya mimea iliyosimama, iingize kwenye modeli, ondoa athari yake, toa jedwali jipya, tusonge mbele. Ingeokoa mwaka. Mtafiti kijana, ambaye nilitegemea angeikumbatia njia hiyo kwa kuwa tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imemkalia kooni, aliipinga. Alisema hivi: kama mapengo ya M17 yametokana na mbegu kuukuu, kuyaondoa kwa hesabu ni haki. Lakini kama aina nyingine ina mapengo kwa sababu inashambuliwa zaidi na inzi wa maharage, yule anayetaga kwenye majani machanga na funza wake kushuka hadi shinani, basi mapengo hayo ni sifa yake ya kuzaliwa. Ukiyaondoa unaipendelea. Hesabu haiwezi kujua pengo lipi ni la ghala na lipi ni la damu.

Nilimuunga mkono. Tukafanya jambo dogo kwanza, la senti chache: tukachukua mbegu zilizobaki kwenye pakiti za upandaji, punje 100 kwa kila aina, tukazifunga kwenye karatasi yenye maji. M08 ziliota 96. M17 ziliota 41. M31 na M04 nazo zilikuwa chini ya 60. Zote tatu zilikuwa za ghala baridi, na pakiti zake zilikuwa za miaka mingi.

Uamuzi ukawa kuanza upya kwa mpangilio huu. Kiangazi, aina zote 36 zipandwe bondeni kwa kumwagilia, shamba moja, zivunwe pamoja, zikaushwe pamoja, ili mbegu zote ziwe na umri mmoja. Msimu wa mvua, jaribio lifanywe sehemu mbili, kituoni na kwenye shamba la chini zaidi ambako mvua hukata mapema. Wapande punje mbili kwa shimo na kupunguza ubaki mmea mmoja baada ya wiki mbili. Ploti iwe ya mistari minne, ivunwe miwili ya katikati, yote, mpaka ganda la mwisho. Ile mimea 5 ichukuliwe kwa kufuata namba: wa 5, wa 10, wa 15, na kuendelea, awe mzuri au mbaya.

Gharama yake ilikuwa mwaka mmoja wa mtafiti na ombi la kuongezewa muda ambalo halikupokelewa kwa furaha. Ploti kubwa zilihitaji ardhi mara mbili, hivyo jaribio jingine la kituo likaahirishwa, na mwenye jaribio hilo hadi leo hanisalimii vizuri.

Matokeo

Kwa idadi ya maganda, sehemu ya kijenetiki sasa ilikuwa 2.4, ya mwingiliano wa aina na mahali, yaani aina kufanya vizuri mahali fulani na vibaya pengine, 2.1, ya makosa 7.2. Kwa mashamba mawili na marudio matatu, mtawanyiko wa wastani wa aina ni 2.4 + 2.1 ÷ 2 + 7.2 ÷ 6, yaani 4.65. Urithikaji ukawa asilimia 52 badala ya 86. Nguvu ya uchaguzi tuliiweka 1.7, kwa sababu aina 4 kati ya 36 ni asilimia 11, si 5. Faida inayotarajiwa ikatoka maganda 6.6 hadi 1.9.

Uzito wa punje 100 haukutikisika: ulikuwa na urithikaji wa asilimia 90 na ushee mara zote mbili. Siku za kutoa maua vilevile. Sifa hizi mbili hazijali sana jirani yako yuko au hayuko.

M17 ilishuka hadi maganda 14 kwa mmea. Bado ilikuwa ya nne kwa maganda, na hiyo ni haki yake: ukoo wake ni wa punje ndogo na maganda mengi, hatukumnyang'anya. Ila mavuno yake yalikuwa ya katikati tu. M22 iliongoza kituoni kwa kilo 2,300 hivi, M08 ikafuata kwa karibu. Kwenye shamba la chini M08 ilianguka hadi ya 11, kwani hukomaa kwa kuchelewa na mvua ilikata ikiwa inajaza punje. M22 haikusogea.

Wazazi waliochaguliwa mwishoni: M22, M08 na aina nyingine mbili zinazowahi kukomaa, zote za punje za kati na kubwa, rangi zinazonunuliwa sokoni. M17 ilirudishwa ghalani, safari hii ikiwa na mbegu mpya.

Uchambuzi: tulipoteleza

Kosa ambalo ningependa mwanafunzi alielewe kuliko yote ni lile la urithikaji wa asilimia 86. Watu hudhani marudio yanakinga kila kitu. Marudio hukinga dhidi ya kipande cha ardhi chenye rutuba, dhidi ya mteremko, dhidi ya kona yenye maji. Lakini M17 ilitoka kwenye pakiti moja. Ploti zake zote tatu zilipata mbegu kuukuu ileile, zote tatu zikawa na mapengo, zote tatu zikawa na mimea michache iliyonenepa. Kwa macho ya uchanganuzi, kitu kinachojirudia ploti hadi ploti ndani ya aina moja ni tabia ya aina hiyo. Umri wa mbegu ukavaa kanzu ya jeni na kuingia msikitini pamoja na waumini. Na kadiri ulivyojirudia kwa uaminifu, ndivyo urithikaji ulivyopanda. Ungeweza kuweka marudio kumi, namba ingekuwa nzuri zaidi na uongo uleule.

Urithikaji basi haukai ndani ya sifa kama rangi inavyokaa ndani ya punje. Ni uwiano wa jaribio fulani, mbegu fulani, shamba fulani. Ukiandika "maganda kwa mmea yana urithikaji wa asilimia 86" bila kusema wapi na vipi, umeandika nusu sentensi. Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye shamba moja, msimu mmoja: mwingiliano wa aina na mahali wote umehesabiwa kama jeni, maana hakuna kitu cha kuutenganisha nao.

La pili ni maganda yenyewe. Mmea wa maharage ukipewa nafasi hutanuka. Aina zisizo na kikomo cha kukua, zile zinazorefusha kikonyo, hufanya hivyo zaidi kuliko zinazokomea kwenye ua la juu. M17 ni ya kundi la kwanza. Ilipopoteza majirani 38 ilikunjua matawi na kujaza maganda. Hata bila mapengo sehemu za mavuno huvutana: maganda yakizidi, punje kwa ganda au uzito wa punje hupungua, kwa kuwa sukari ya majani ni ileile inayogawanywa. M. W. Adams wa Michigan alilieleza jambo hili kwenye maharage mwaka 1967, na bado kila mwaka mtu fulani huchagua sehemu moja na kushangaa kwamba jumla haikusogea. Ule uhusiano wa 0.88 ulikuwa karibu hauna habari: mavuno ya mmea ni maganda mara punje mara uzito, hivyo umelinganisha kitu na kipande chake.

Kuzidisha mmea mmoja mara 200,000 ni kosa la tatu, na ndilo la aibu zaidi kwa sababu ndilo rahisi kuligundua. Hekta ya mimea 200,000 haikuwapo. Kwenye ploti ya M17 ilikuwapo hekta ya mimea 73,000. Ukiongeza kwamba mimea 5 ilichaguliwa kwa uzuri, gramu 21 za kweli kwa mmea zikawa gramu 28.8. Mtu yeyote kituoni, akiambiwa mdomoni kwamba kuna maharage ya kichaka yanayotoa karibu tani sita, angecheka. Namba ileile ikiwa ndani ya jedwali, yenye nukta na mpangilio, watu wanane waliisoma wakapita.

Kuhusu chotara zilizodumaa nina huruma zaidi. Kutumia mchoro wa makundi kuchagua wazazi ni desturi, na kwa mazao mengine ingepita. Swali la ukoo, hata hivyo, lingejibiwa kwa kutazama punje na umbo la mmea, au kwa kufanya chotara tatu nne za majaribio kabla ya kuweka kiangazi chote kwenye ndoa moja.

Uchambuzi: kilichotuokoa

Daftari. Sina maneno mengi zaidi. Ila nitaongeza kwamba halikuwa kwenye mpango wa utafiti, na kwamba mama yule hakuwahi kuulizwa kitu wakati mpango unaandikwa. Yeye aliona mapengo mwezi Machi na alijua yametoka kwenye pakiti za ghala, kwa sababu ndiye aliyezifungua na alizikuta punje zimefifia rangi.

Uamuzi wa kutosahihisha kwa hesabu pia naona ulikuwa sahihi, ingawa nimekutana na wenzangu wanaosema tulipoteza mwaka bure, kwa kuwa M22 na M08 zingeonekana hata kwa uzito wa mifuko ya mwaka wa kwanza. Kweli, zingeonekana. Lakini tusingejua kwamba M08 inaanguka mvua ikikata mapema, na tungeipeleka kwa wakulima wa chini.

Kuzalisha mbegu zote pamoja kabla ya jaribio ndiyo hatua ninayoipendekeza kwa kila anayechanganya mbegu za ghala na za wakulima. Inakula kiangazi kimoja. Pia inakupa mbegu ya kutosha kupanda punje mbili kwa shimo.

Jambo ambalo halijaisha

M04 imetutatiza. Kwa mbegu mpya, karatasi ya maji ilionyesha punje 94 kati ya 100 zinaota, karibu sawa na M08. Shambani, kituoni, hata baada ya kupanda punje mbili, ilisimamisha mimea 44 tu kwa kila mashimo 60, na mimea iliyokufa ilikuwa na shina lililovimba na kupasuka karibu na udongo, alama ya inzi wa maharage. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mapengo yake yalikuwa ya aina mbili yaliyochanganyika, ya ghala na ya damu, kama mtafiti kijana alivyoonya. Msimu huu amepanda M04 na aina nyingine kumi katika ploti za jozi, upande mmoja mbegu imepakwa dawa ya kuzuia inzi na upande wa pili haikupakwa. Safu ya kwanza ya fomu yake inauliza mimea iliyosimama siku ya 14, ya pili siku ya 28, ya tatu siku ya kuvuna, na anayezijaza ni yule mama, kwa kalamu yake ya bluu.